Kuponya Kalibu za Chuma kwa Moto Mdogo

Mtu anunuapo beseni la plastiki sokoni hulitazama kama lina ufa, huligonga kwa kidole, kisha hupatana bei na mwenye duka. Ni nadra afikiri juu ya chuma kilicholizaa beseni hilo. Lakini kila beseni, kila kifuniko cha chupa, kila kitana na kila swichi ya umeme ya plastiki imetoka katika tumbo la chuma lililochongwa kwa uangalifu mkubwa. Tumbo hilo likipata kasoro, hata iwe nyembamba kama unywele, kasoro hiyo hurithiwa na kila kitu kitokacho humo.

Chombo hicho huitwa kalibu, na wafanyakazi wengi wa viwandani hukiita moldi. Maelezo yafuatayo yanaonyesha jinsi mafundi stadi wanavyoziponya kalibu zilizoumia, na kwa nini katika kazi hii moto mdogo hufaa kuliko moto mkubwa.

Kalibu ni kitu gani

Kalibu ya plastiki ya kawaida ina vipande viwili vya feleji, yaani chuma kigumu kilichotengenezwa makusudi kwa kazi nzito. Vipande hivyo hufungana kama viganja viwili vilivyoshikamana, na katikati yake hubaki nafasi yenye umbo la kitu kinachotakiwa. Plastiki huyeyushwa, mara nyingi kwa joto la digrii 200 za Sentigredi na zaidi, kisha husukumwa kwa nguvu nyingi ndani ya nafasi hiyo. Ili plastiki isipenye na kutoka nje, mashine huvibana vipande viwili kwa nguvu ya makumi ya tani, na katika mashine kubwa mamia ya tani.

Ndani ya feleji yenyewe mna mifereji ya maji ya kupoza. Plastiki ikisha kuganda, kalibu hufunguka, vijiti vya chuma hukisukuma kitu nje, na kazi huanza tena. Kwa vitu vidogo mzunguko huo wote hauchukui hata nusu dakika. Wala si jambo jipya: ndugu wawili wa Marekani, John na Isaiah Hyatt, walipewa hati ya uvumbuzi wa mashine ya kusukuma plastiki katika kalibu mwaka wa 1872.

Kalibu iliyo bora hutarajiwa kutoa vitu milioni moja au zaidi kabla ya kuchakaa. Kwa sababu hiyo haitengenezwi kwa haraka. Feleji huchongwa kwa mashine kwa muda wa wiki nyingi, hutiwa ugumu kwa moto, hutobolewa pembe zake za ndani kwa cheche za umeme, kisha husuguliwa kwa mkono mpaka ing'are kama kioo. Basi si ajabu kwamba kalibu moja kubwa yaweza kugharimu fedha nyingi kuliko gari jipya.

Kasoro ndogo, hasara kubwa

Kalibu huumia kwa njia nyingi. Plastiki nyingine huchanganywa na nyuzi za kioo ili ziwe imara, na nyuzi hizo hukwaruza feleji kama msasa. Plastiki ya namna ya PVC ikipata joto kupita kiasi hutoa asidi, nayo asidi hula chuma. Kalibu zinazopokea alumini iliyoyeyuka hupata moto mkali na kupozwa, tena na tena, mpaka uso wake ukafanya mtandao wa nyufa ndogo kama ardhi ya kiangazi.

Lakini madhara mengine hayatokani na kazi yenyewe, bali na mkono wa mtu. Kitu kikikwama ndani ya kalibu, mfanyakazi mwenye haraka hukichokoa kwa bisibisi ya chuma. Bisibisi ikiteleza mara moja tu, ukingo uliosuguliwa kwa siku nyingi hupata jeraha. Ndiyo maana viwanda vyenye busara huwapa wafanyakazi wao vijiti vya shaba au vya mbao, vitu vilivyo laini kuliko feleji.

Matokeo ya jeraha hilo huonekana upesi. Plastiki hupenya mahali ambapo vipande viwili havikutani sawasawa, hata pengo likiwa sehemu chache za mia za milimita. Inapoganda huacha utando mwembamba, mkali kama wembe, ukingoni mwa kitu. Mwenye kiwanda hulazimika kuwaweka watu wenye visu wa kuukata utando huo kwa kila beseni na kila ndoo. Usipokatwa, hukata kidole cha mama anayefua nguo. Na kama kasoro iko katika kifuniko, mafuta ya kupikia humwagika njiani, na mnunuzi humlaumu mwenye duka asiye na kosa.

Hasara kubwa zaidi huja pale kalibu inapotolewa katika mashine. Mashine husimama, oda huchelewa, na vibarua wanaolipwa kwa siku hurudi nyumbani mikono mitupu. Ikiwa kalibu ilitengenezwa ng'ambo na hapana fundi karibu awezaye kuiponya, itasafirishwa kwa meli kwenda na kurudi. Kwa hiyo ujuzi wa kuiponya papo hapo, kwa siku moja au mbili, ni jambo linalogusa riziki ya watu wengi ambao hawajaiona kalibu kwa macho yao.

Kwa nini moto mkubwa hudhuru

Kila mtu amemwona fundi wa jua kali akichomelea lango la chuma au jembe la kukokotwa na ng'ombe. Hushika kijiti cha kuchomelea, cheche huruka, na vyuma viwili huungana. Kwa lango kazi hiyo yatosha kabisa. Kovu likiwa nene hapana neno, na chuma kikipinda kidogo hunyooshwa kwa nyundo.

Kalibu haivumilii mambo hayo. Feleji yake ilipewa ugumu kwa kupashwa moto mkali, kupozwa upesi, kisha kupashwa tena kwa kiasi kilichopimwa. Moto mwingine usiopimwa huivuruga kazi hiyo yote. Chuma kilicho karibu sana na mahali palipochomelewa hupozwa ghafula, kwa kuwa feleji baridi iliyokizunguka hulinyonya joto lake. Hapo huwa kigumu kupita kiasi na chepesi kuvunjika. Chuma kilicho mbali kidogo hupata joto lisilotosha kuyeyusha lakini linalotosha kulegeza. Hapo huwa laini. Tena, chuma kilichoyeyuka kinapoganda hujikunja na kuvuta kila kilicho kando yake. Kalibu iliyokuwa sawa kabisa hupinda, na pengine hupasuka kando ya kovu baada ya kazi ya siku chache.

Kwa miaka mingi mafundi walipunguza madhara hayo kwa subira. Waliitia kalibu nzima katika tanuri kabla ya kuichomelea, kwa feleji nyingine mpaka digrii 300 na zaidi, kisha wakaiacha ipoe polepole. Chombo chao bora kilikuwa kile kinachotumia ncha ya madini ya tangsteni na hewa isiyoshika moto, njia iliyotengenezwa na Russell Meredith katika kiwanda cha ndege cha Northrop, Marekani, mwaka wa 1941, kwa ajili ya kuunga magnesi. Njia hiyo ingali inatumika, na kwa jeraha kubwa ndiyo ifaayo, kwa sababu hujaza chuma kingi kwa muda mfupi. Lakini kwa jeraha la ukubwa wa punje ya mchele, kuitia tanurini kalibu yenye uzito wa tani nzima ni sawa na kuibomoa nyumba ili kung'oa msumari mmoja.

Nuru ipigayo kama tone

Dawa ya majeraha madogo ilitokana na uvumbuzi wa nuru iitwayo leza. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko Malibu, California, tarehe 16 Mei 1960. Mwaka wa 1964 wataalamu wa maabara za Bell nchini Marekani walipata leza inayotumia fuwele iliyotiwa madini ya neodimiamu, na aina hiyo ndiyo iliyokuja kutumika sana katika kuponya kalibu. Ufundi wa vyuma haukukawia kuona faida yake: mwaka wa 1965 kampuni ya Western Electric ilitumia leza kutoboa vitundu katika almasi za kuvutia waya.

Namna ifanyavyo kazi si vigumu kufahamu. Mtoto akishika kioo cha kukuzia juani huweza kuunguza jani kavu, kwa kuwa kioo huikusanya nuru iliyotawanyika na kuiweka mahali pamoja. Leza hufanya vivyo hivyo, ila nuru yake yote ni ya aina moja na huenda njia moja, hata ikaweza kukusanywa katika doa lenye upana wa nusu milimita au chini yake. Mahali hapo feleji, ambayo huyeyuka karibu na digrii 1,500, huyeyuka mara moja.

Siri nyingine imo katika wakati. Nuru hiyo haiwaki mfululizo, bali hupiga kama matone ya mvua. Kila pigo huchukua sehemu chache za elfu za sekunde. Kwa muda huo mfupi nguvu yake hufika maelfu ya wati, ingawa wastani wa nguvu ya mashine nzima ni mamia machache tu ya wati, au hata pungufu. Baada ya pigo hufuata mapumziko, na joto dogo lililoingia hutawanyika kabla pigo jingine halijaja. Hivyo chuma huyeyuka katika doa lenyewe, ilhali sentimita chache kando yake fundi aweza kuweka kidole bila kuungua. Eneo linaloguswa na joto ni jembamba sana, na kalibu haipindi.

Kazi inavyofanywa

Hatua ya kwanza ni kuijua feleji. Fundi huuliza jina lake na ugumu wake, kwa kuwa waya atakaoutumia kujaza jeraha lazima ulingane nayo. Waya ulio laini mno utachakaa upesi. Ulio mgumu mno utapasuka.

Hatua ya pili ni usafi. Mafuta, kutu na mabaki ya plastiki huondolewa kwa asetoni au spiriti. Uchafu ukibaki, utachemka ndani ya chuma na kuacha vitundu. Kama pana ufa, haufunikwi juu juu. Fundi hupaka dawa nyekundu iingiayo katika nyufa, hupangusa, kisha hutazama pale dawa inaporudi na kuonyesha mwisho wa ufa ulipo. Ufa wote huchimbwa mpaka chuma kizima kipatikane.

Hatua ya tatu ni kujaza. Kalibu huwekwa juu ya meza iwezayo kusogezwa kidogo kidogo, na fundi hutazama kwa hadubini inayokuza mara kumi au zaidi. Mkononi ana waya mwembamba, mara nyingi kati ya milimita 0.2 na 0.6. Bomba dogo hupuliza argoni juu ya doa, hewa isiyounguza wala kuungua, ili chuma kilichoyeyuka kisipate kutu. Fundi hukanyaga kibonyezo, pigo la nuru hushuka, na ncha ya waya huyeyuka pamoja na uso wa feleji. Doa la pili huwekwa likifunika sehemu ya la kwanza, kama vigae vya paa vinavyopandana. Safu humaliza safu, mpaka pale palipokuwa na shimo paonekane kilima kidogo.

Hatua ya nne ni kukiondoa kilima hicho. Kinachozidi husagwa, kisha husuguliwa kwa mawe laini ya kunolea na mwisho kwa unga wa almasi. Fundi hupaka rangi ya buluu kwenye kipande kimoja cha kalibu na kukifunga na cha pili. Rangi ikiambukizwa sawasawa pande zote, vipande vinakutana. Ikikosekana mahali, au ikizidi, kazi haijesha.

Njia hii haitumiki kwa kalibu za plastiki tu. Vyombo vya kukatia mabati ambavyo meno yake yamemeguka, kalibu za vioo na za mipira, na vipuri vidogo vya mashine vyenye thamani huponywa vivyo hivyo.

Mambo yasiyowezekana

Yafaa ikumbukwe kwamba leza si mganga wa kila ugonjwa. Hujaza chuma kidogo kidogo, na jeraha kubwa lingechukua siku nyingi na fedha nyingi. Feleji zenye kaboni nyingi hupasuka kwa urahisi zinapochomelewa, hata kwa pigo dogo. Uso uliong'arishwa kama kioo waweza kuonyesha alama ya kovu kwa sababu ugumu wa chuma kipya si sawa kabisa na wa kile cha zamani. Na kalibu yenye nakshi, kama ile ya kuiga ngozi katika vipande vya ndani vya motokaa, itahitaji kutiwa nakshi upya mahali palipotengenezwa.

Kwa hiyo fundi mwaminifu hupima kabla ya kuahidi. Ufa ulioanza katika mfereji wa maji na kufika mbali ndani ya feleji hauponi kwa kufunikwa. Kalibu hiyo ikirudishwa katika mashine ya mamia ya tani huweza kupasuka, na mwenye mali hupoteza kalibu, mashine, na pengine usalama wa mtu aliyesimama karibu. Kumwambia mteja kwamba kitu chake hakifai kutengenezwa ni sehemu ya ufundi, ingawa siku hiyo fundi harudi na malipo.

Hatari kwa macho

Nuru ya leza hizi haionekani kwa macho. Hilo ndilo linaloifanya iwe na hatari. Jicho haliogopi kisichoonekana. Halipepesi wala halifumbi. Nuru hupita katika mboni, hukusanywa na lenzi ya jicho lenyewe, na huunguza sehemu ya nyuma ambayo kwayo mtu huona. Mara nyingi hapana maumivu yoyote ya kumwonya mtu, na jeraha la hapo halirudishwi.

Wala si mwali wa moja kwa moja tu unaodhuru. Nuru inayorudishwa na uso wa chuma kinachong'aa yaweza kumfikia mtu aliyepita mlangoni. Kwa hiyo mashine hizi huwa na kinga ndani ya hadubini, na kila aliye katika chumba huvaa miwani iliyotengenezwa kwa ajili ya nuru ya aina hiyo hiyo. Miwani ya jua haizuii neno, na miwani ya mchomeleaji wa kawaida haitegemewi. Moshi wa chuma nao hufyonzwa kwa bomba, kwa kuwa feleji nyingi zina kromiamu na nikeli, madini yenye madhara yakivutwa pumzi. Tena argoni haina harufu, nayo ni nzito kuliko hewa. Katika chumba kidogo kisicho na dirisha huweza kuchukua mahali pa hewa ya kupumua.

Ujuzi ndio mtaji

Mashine ya leza hununuliwa, lakini mkono unaoiongoza haununuliwi. Kijana anayetaka kazi hii aanze na tupa na jiriwa, ajue kusoma michoro na kupima mia ya milimita, kisha ajifunze tabia ya feleji inapopata moto na inapopoa. Hesabu na kemia za shuleni, ambazo wanafunzi wengi huziona ngumu na zisizo na maana, ndizo zitakazomwambia ni waya upi wa kuchagua. Aliyezoea kuchomelea milango atapata shida ya kwanza katika kujizuia: hapa fundi hodari ni yule anayetia moto kidogo kabisa unaotosha.

Kwa wenye viwanda na wafanyakazi wao somo ni jingine. Kalibu ikaguliwe kila inapotolewa katika mashine, ipanguswe, ipakwe mafuta na kuhifadhiwa mahali pakavu. Utando mwembamba unapoanza kuonekana ukingoni mwa beseni, kalibu isimamishwe siku hiyo hiyo, maana kila inapobanwa tena ukingo uliomeguka huzidi kumeguka. Jeraha la leo hujazwa kwa saa moja, na lile lile likiachwa miezi sita litataka tanuri, mashine za kuchonga na wiki nzima. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, nao walikuwa hawajaiona feleji.